Ng'ombe wa Ruberwa na Sura ya Saba

Karani wa mwanasheria alipomuuliza Ruberwa kama ana mali yoyote nje ya nchi, mzee alijiweka sawa kwenye kiti, akafunga kifungo cha juu cha koti lake, akasema, "Andika ng'ombe."

Binti yake Gaju, aliyekuwa amekaa pembeni yake, aligeuka akamtazama. Karani naye alisimamisha vidole juu ya kompyuta. Aliitwa Séphora, msichana wa Bukavu mwenye ulimi mwepesi, na wateja wote Wakongomani wa Louisville walipitia kwake kabla ya kumwona mwanasheria.

"Ng'ombe gani tena, papa? Wale wa kwenye friji?"

"Wa mlimani. Wa Minembwe."

"Ah bon. Na ni wangapi?"

"Ng'ombe hawahesabiwi."

"Hawahesabiwi vipi? Hapa kuna kisanduku, papa. Kinataka namba."

"Basi kisanduku kikae hivyo hivyo. Naweza kukutajia rangi zao. Naweza kukutajia mama zao. Namba siwezi. Weye ukihesabu ng'ombe wa mtu mbele yake, kwetu anajua unamtakia mabaya."

Séphora alimtazama Gaju kwa macho ya kuomba msaada. Gaju alikuwa amekuja kutoka Columbus kwa ajili ya siku hii tu, akidhani atamsaidia baba kusoma karatasi, watie sahihi, wapitie duka la Waafrika kununua unga, warudi nyumbani.

Ofisi yenyewe ilikuwa mtaa wa Highview, kwenye safu ya maduka, ikibanwa na saluni ya kucha upande mmoja na fundi wa matairi upande wa pili. Ruberwa aliijua vizuri. Alikuja hapo mara ya kwanza miaka kadhaa nyuma, baada ya mkewe Bamurange kupasuliwa mgongo na bili za hospitali kuanza kufuatana kwenye sanduku la barua. Wakati ule alikuwa na kazi mbili, moja ghalani na nyingine kiwandani, na sheria ya kufilisika iliona kwamba mtu wa kazi mbili anaweza kulipa kidogo kidogo. Wakamweka kwenye Sura ya Kumi na Tatu, ambayo kila mwezi unakabidhi sehemu ya mshahara wako kwa msimamizi wa mahakama, naye anawagawia wanaokudai, mpaka miaka iishe. Ruberwa alilipa bila kukosa. Kisha ghala lilikata saa za ziada, kile kiwanda kikafungwa, na malipo ya kila mwezi yakaanza kula pesa ya chakula.

Ndipo mwanasheria akashauri wabadilishe kesi, watoke kwenye ile ya Kumi na Tatu waingie kwenye ya Saba. Sura ya Saba ni ya mtu aliyefika mwisho. Unaonyesha kila kitu ulicho nacho, unaapa, kisicholindwa na sheria kinauzwa, na madeni yanayobaki yanafutwa. Kuhama si kazi kubwa. Ila karatasi za mali zinaandikwa upya kana kwamba hujawahi kuulizwa, na atakayekutwa ameficha kitu atanyimwa msamaha, abaki na madeni yake yote shingoni.

Mara ya kwanza, Bamurange ndiye aliyejibu maswali. Alisema "hatuna kitu," na Ruberwa akatia sahihi akiwa amesimama, akiwahi zamu. Safari hii Bamurange alikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunza wazee, na swali lilimkuta mwenyewe ana kwa ana.

"Bon," Séphora alisema taratibu. "Tuache namba. Nani anawachunga?"

"Yaya yangu, kaka yangu mkubwa, Rugamba."

"Yuko Minembwe?"

"Yuko Buffalo, huku huku Amerika."

Séphora aliuma kalamu ili asicheke. "Donc ng'ombe wako Minembwe, na mchungaji yuko Buffalo. Hiyo fimbo ni ndefu, papa."

"Aliwaacha kwa vijana."

"Vijana gani?"

Ruberwa alitazama dirishani, ambako fundi wa matairi alikuwa anavingirisha tairi kama mtoto anayecheza. Na Gaju, aliyekua akisikia majina ya ng'ombe hao mezani na garini na kanisani, alielewa ghafla kitu ambacho hakuwahi kukifikiria. Baba yake hakujua vijana hao ni nani. Hakuwahi kuuliza.

Mwanasheria alitoka chumbani kwake, mzungu mzee mwenye mikanda ya kushikilia suruali, akasikiliza maelezo ya Séphora, akavua miwani. Alisema maneno machache, na Séphora akayageuza.

"Anasema hivi, papa. Kama ng'ombe wapo, tuandike wapo, na kwa nini hawakuandikwa mwanzo, na yeye atakutetea. Kama hawapo, tuandike hawapo. Yote mawili anayaweza. Kitu asichokiweza ni katikati. Anataka jibu kabla ya wiki ijayo."

*

Garini, Gaju alisema, "Papa, si umpigie simu papa mkubwa umuulize tu?"

"Habari ya ng'ombe haiulizwi kwa simu."

Alisema hivyo bila ukali, na Gaju akajua safari imeshaanza.

Nyumbani Bamurange aliwafungia chapati na mayai kwenye karatasi ya kung'aa, huku akimtania mumewe. "Mnaenda Buffalo kutafuta ng'ombe! Mkiwapata mniletee maziwa basi, haya ya dukani ni maji yaliyopakwa chokaa." Ruberwa alicheka, akaenda kupima upepo wa matairi. Hapo Bamurange alimshika binti yake mkono, akaubana.

"Usimwache akaapa kitu kisicho kweli," alisema. "Na wala usimwache akaanguka. Mimi nilisema hatuna kitu kwa sababu nilijua yeye hataweza kulisema."

"Kumbe unajua, mama?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Ila mimi si ng'ombe walionifanya mtu. Yeye ndio waliomfanya."

Walilala Columbus, kwenye nyumba ya mbao karibu na chuo, ambako Gaju alipanga chumba tangu akiwa mwanafunzi. Alikuwa amemaliza masomo ya ustawi wa jamii majira ya baridi, na sasa alisaidia watoto wa wageni kwenye shule moja ya Hilliard, pembeni ya mji. Baba yake hakuwahi kukiona chumba hicho. Alikizunguka kwa mikono nyuma, akatazama vitabu, akatazama shahada iliyokuwa bado kwenye bahasha yake kwa sababu fremu ilikuwa ghali.

"Hii nayo inaandikwa kwenye karatasi za mali?"

"Hapana, papa. Hii hawawezi kuichukua."

"Vizuri," alisema, na akairudisha mezani kwa mikono miwili.

Asubuhi walishika njia ya kaskazini. Mvua ya Aprili ilikuwa imenyesha, na mashamba ya Ohio yalikuwa yameloa na kuanza kijani. Barabara ilipotulia, Ruberwa alianza kuzungumza, na Gaju akapunguza sauti ya redio mpaka ikazimika.

Alizungumza juu ya ukungu wa asubuhi unaokaa bondeni kama maziwa kwenye kibuyu, na juu ya moshi wa samadi kavu uliowafukuza nzi. Akaeleza jinsi mama yake alivyofukiza chombo cha maziwa kwa majani fulani ambayo hapa hayapo, hata ladha ya maziwa ikawa na kitu cha msituni ndani yake. Akasema juu ya kiangazi, majani yalipoisha juu na vijana wakashuka na ng'ombe mpaka kwenye mabonde ya mbali, wakalala nje, wakiimba ili ng'ombe wajue bado wako nao.

"Uliwaimbia nini?"

"Ah, kila mmoja na wake. Bihogo alitaka sifa. Ukimsifia pembe, anasimama hivi." Ruberwa aliinua shingo na kuganda, akiwa ameshika usukani, na Gaju akacheka mpaka akaogopa kwamba wataacha barabara.

"Na mimi?"

"Weye ulizaliwa siku rafiki yangu mmoja alipoleta ndama wa kike, zawadi. Alikuwa wa rangi ya gaju, ule wekundu mwepesi wa udongo uliopigwa na jua la asubuhi. Mama yako akasema, huyu mtoto naye ni gaju. Bon. Jina likakaa."

Gaju aliijua hadithi hiyo. Aliiomba kila mara, na kila mara alijaribu kuchimba ndani yake kumbukumbu moja iliyo yake mwenyewe. Walitoka mlimani akiwa mdogo sana, wakakaa Burundi miaka mingi, kisha Louisville, Kentucky. Alichokuwa nacho ni joto la ubavu mkubwa uliopanda na kushuka, na mkono wake mdogo juu yake. Hakuwa na hakika kama alikumbuka ubavu huo, au alikumbuka baba yake akiuelezea.

Mbele kidogo, shamba lilitokea kando ya barabara, na ng'ombe weusi kwa weupe wametapakaa kwenye tope. Ruberwa alitoka njia kuu kwenye njia ya kutokea iliyofuata, akarudi kwa barabara ndogo, akaegesha. Alishuka, akasimama kwenye uzio, akaita. Ilikuwa sauti ambayo Gaju hakuwahi kuisikia ikitoka kwa baba yake, ndefu, nyembamba, inayopanda juu mwishoni. Hata ng'ombe mmoja hakuinua kichwa.

"Hawajui kuitwa," Ruberwa alisema. "Waone masikio yao. Namba, namba, namba. Na pembe zao ziko wapi? Wamekatwa. Hawa si ng'ombe, ni bomba za maziwa."

Lakini alikaa pale muda mrefu, viwiko juu ya uzio, na Gaju hakumharakisha.

*

Rugamba alikuwa anawasubiri barazani, upande wa magharibi wa Buffalo, amevaa kofia ya sufu ingawa theluji ilibaki kwenye pembe za vichochoro tu. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu kuliko mdogo wake, na alipokuwa amesimama alijikunja kidogo kama mtu anayeegemea kitu ambacho hakipo.

"Amashyo!" Ruberwa aliita akiwa bado njiani. Ndivyo watu wao wanavyosalimiana, wakitakiana makundi ya ng'ombe.

Rugamba alichelewa kidogo. "Amashongore," aliitikia, na ng'ombe hao wa salamu wakawa majike. Wakakumbatiana, bega hili, bega lile.

Mkewe Nyirabeza aliwapa maharage na nyama na ugali mweupe, na baada yake chai iliyojaa maziwa. Walizungumza juu ya kanisa, juu ya baridi, juu ya magoti. Rugamba alimtania Gaju kwamba amesoma mpaka amekonda na sasa hakuna atakayemtolea mahari ya maana. "Mahari watatoa kwa kadi siku hizi, papa mkubwa," Gaju alisema, na mzee akapiga meza kwa kicheko. Ilikuwa furaha ya kweli, lakini Gaju aliona kwamba inazunguka kitu fulani, kama watu wanaokwepa dimbwi.

Vikombe vilipofika nusu, Ruberwa aliuliza.

"Yaya. Ng'ombe wanaendeleaje?"

Rugamba alitazama chai yake.

"Wako," alisema. "Wako vizuri. Wameongezeka."

Nyirabeza aliinuka, akakusanya vikombe ambavyo havijaisha, akaenda navyo jikoni. Gaju alimfuata kumsaidia. Akamkuta anaosha kikombe kisafi, anakizungusha chini ya maji, anakizungusha tena.

"Mama mkubwa?"

"Hakuna hata mkia," Nyirabeza alinong'ona. "Walikuja kiangazi, mwaka ule kabla hatujaondoka. Wenye bunduki. Vijana walikuwa wameshusha ng'ombe mtoni. Ilikuwa asubuhi moja tu. Papa yako mkubwa aliwafuata na fimbo mpaka jua likazama, mtu mzima, anawaita kwa majina. Tangu siku ile hajataja jina la ng'ombe hata mmoja ndani ya nyumba. Anasema mdogo wake alimwachia kitu, na yeye akaja Amerika mikono mitupu."

"Na sasa mbona anasema wako?"

"Umeuona uso wa papa yako, mwanangu? Weye ungesema?"

Gaju alirudi sebuleni na kusimama mlangoni. Rugamba alikuwa anaeleza jinsi Bihogo alivyozaa mapacha. Alikuwa anabuni, maskini, na alikuwa anabuni vibaya, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Lakini Ruberwa alikuwa ameinama mbele, mikono kati ya magoti, na miaka yote ya ghalani ilikuwa imemtoka usoni. Gaju hakuwahi kumwona baba yake kijana. Sasa alimwona.

Na wazo likamjia, laini na jepesi. Karatasi alikuwa nazo yeye, kwenye mkoba. Baba yake hasomi Kiingereza. Angeweza kuandika kwamba hakuna, akampa kalamu, naye akatia sahihi na kuondoka hapo na ng'ombe wake wote na mapacha juu. Nani angeumia?

Lakini siku itafika msimamizi atauliza kwa sauti, na baba yake atainua mkono wa kulia. Ataapa kile anachokiamini, na karatasi itakuwa inasema kingine, na waliokuwa tayari kumfutia madeni watamwita mwongo. Na hata kama wasingeuliza kamwe, Gaju alijua kwamba hataweza tena kusikiliza hadithi ya rangi ya gaju bila kujiona mwizi. Wenye bunduki waliwachukua ng'ombe mara moja. Yeye angekuwa anawachukua kila siku.

Alikaa chini, akatoa karatasi.

"Papa mkubwa, samahani. Naomba nikusomee kitu kidogo."

"Soma, mwanangu."

Alisoma kiapo kwa Kiingereza, kisha akakigeuza neno kwa neno. "Natamka, nikijua adhabu ya kusema uongo, kwamba yote niliyoyaandika hapa ni kweli na yamekamilika." Akaiweka karatasi mezani kati ya ndugu hao wawili. "Papa atainua mkono na kuapa maneno haya. Basi niambie weye, papa mkubwa. Niandike nini?"

Rugamba aliitazama karatasi ile, akavua kofia yake, na kichwa chake cheupe kilionekana kidogo kuliko walivyotarajia.

"Mudogo wangu," alisema. "Niliwapoteza."

"Najua," Ruberwa alisema.

"Unajua?"

"Nilijua siku ile nilipokupokea uwanja wa ndege. Ulishuka bila fimbo. Ungekuwa bado nao, ungekuja na fimbo, hata kama wale wa ukaguzi wangekunyang'anya, tungesikia kelele zako mpaka nje."

"Na kwa nini hukuniuliza?"

"Na weye, kwa nini hukuniambia?"

Jikoni, maji yaliacha kutiririka.

"Lakini papa," Gaju alisema, "kama ulijua, mbona ulimwambia Séphora aandike?"

Ruberwa alimgeukia binti yake. "Yule mtoto aliuliza vizuri, sikumkasirikia. Lakini nikisema sina, ni mimi niliyewamaliza. Kwa mdomo wangu, mbele ya watu ambao hawakuwahi kuwaona. Hapana. Nilitaka kwanza aseme mtu aliyewajua."

Rugamba alianza kulia bila sauti, kama wanavyolia wanaume wa umri wake. Nyirabeza akaja akasimama nyuma ya kiti chake. Ruberwa alivuta kiti karibu mpaka magoti yao yakagusana.

"Haya, Yaya," alisema. "Waliokwenda wanaruhusiwa kuhesabiwa. Tuanze."

Wakaanza. Walikwenda kwa ukoo, kama watu wanavyofanya kwenye matanga, kutoka kwa ng'ombe wa bibi yao mpaka kwa watoto wa watoto. Rugamba alitaja, Ruberwa akakunja kidole, na vidole vilipoisha Gaju akaongeza vyake, na Nyirabeza akaongeza vyake. Walimtaja Gitare mweupe aliyeogopa mvua, na yule mwenye doa aliyefungua mlango wa zizi kwa pembe, na ndama wa gaju aliyekuja kuwa mama wa wengi.

"Na Bihogo," Rugamba alisema. "Bihogo hakuzaa mapacha, nilikudanganya. Alikuwa na mimba walipomchukua. Tunahesabu?"

Ruberwa aliangalia mikono yote iliyokuwa mezani.

"Tunahesabu," alisema, na akakunja kidole kingine.

*

Kikao cha Sura ya Saba kilifanyika kwa skrini, kwenye meza ya Séphora, mwezi uliofuata. Gaju alichukua ruhusa Hilliard akaja. Bamurange naye alikuja, amevaa kitenge cha Jumapili, ingawa kamera ilimwonyesha kipande cha bega tu.

Msimamizi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya haraka, na mkalimani alikuwa mwanaume asiyeonekana, mwenye Kiswahili kilichonyooka cha Tanzania. Ruberwa aliinua mkono wa kulia. Maswali yakaja moja baada ya jingine. Jina. Anwani. Gari. Alijibu kama mtu anayevuka mto kwa mawe anayoyafahamu.

"Je, bwana Ruberwa, una mali yoyote ambayo haimo kwenye karatasi hizi, hapa au katika nchi nyingine yoyote?"

Séphora aliacha kutafuna ubani. Gaju alimtazama baba yake, akauona ule utulivu wa kwenye uzio wa Ohio.

"Sina," Ruberwa alisema. Kisha, kabla mkalimani hajamaliza, akaongeza, "Nilikuwa na ng'ombe. Nchini kwetu. Walichukuliwa na wenye bunduki, miaka kabla ya kesi hii. Yaya yangu alikuwepo, ameandika barua, avoka, mwanasheria wangu, anayo. Sitaki iandikwe kwamba sikuwahi kuwa nao. Iandikwe kwamba hawapo."

Mkalimani alitafsiri. Aliyatafsiri maneno hayo taratibu kuliko mengine yote. Msimamizi aliinua macho kutoka kwenye makaratasi yake, akauliza kama kuna uwezekano wowote wa kuwapata tena, au wa kulipwa.

"Hapana, mama."

"Pole sana, mzee," mkalimani alisema, na hakuna aliyejua kama msimamizi ndiye aliyetamka hivyo au ni mkalimani mwenyewe.

Kikao kikafungwa. Mwanasheria alitoka chumbani, akampa Ruberwa mkono, akasema kitu ambacho Séphora alikigeuza huku akitabasamu. "Anasema kikao kimeenda vizuri. Sasa tunasubiri tuone kama kuna mdai wa kupinga, lakini haoni wa kupinga. Karatasi ya kufuta madeni itakuja kwa posta. Na papa, mimi nasema hivi, mimi Séphora Cibalonza, siku nikiolewa nitakualika uzisifie ng'ombe za mahari yangu."

"Kama ni za kwenye friji, siji," Ruberwa alisema.

Walitoka nje, kwenye maegesho. Bamurange alikuwa na zamu, akaenda kupanda gari la mwenzake, lakini kwanza alisimama mbele ya mumewe, akamnyooshea kola ya shati ambayo ilikuwa imenyooka tayari. Ruberwa aliitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa mengi.

Gaju aliingia upande wa dereva. Baba yake alikaa kando yake, akatoa simu, akampigia Rugamba.

Mwanzoni alieleza kikao. Kisha akasema, "Yaya, unakumbuka ile siku tulivuka mto wakati wa mafuriko?" na Gaju akasikia upande wa pili mzee akianza kucheka hata kabla swali halijaisha. Kwa miaka sita, tangu Rugamba afike Amerika, ndugu hao walikuwa wakipigiana simu kila Jumapili na kuulizana hali ya hewa. Mlima wote ulikuwa umefungwa nyuma ya swali moja, hakuna aliyeweza kuukaribia.

"Weye ndiye ulianguka!" Ruberwa alikuwa anapiga kelele. "Mimi nilishika mkia wa yule dume, nikavuka mkavu!"

"Mkavu wapi! Suruali yako ilikwenda na maji mpaka ziwani, kule Baraka!" ilisema simu. "Ulirudi nyumbani na majani kiunoni! Muulize Nyirabeza!"

"Nyirabeza alikuwa bado kwa baba yake, atajua nini!"

Gaju aliwasha gari, kisha akalizima. Aliegemeza kiti nyuma kidogo.

"Papa," alisema, "weka spika."